Ziwa na Ukingo Wake: Habari za Matembezi ya Mashua Naivasha

Kila taifa lina wakati wake wa kazi na wakati wake wa kupumzika. Watu wa nchi za kaskazini, ambao miezi mingi ya mwaka huishi katika baridi na giza, huungoja msimu wao wa joto kama mkulima angojavyo mvua. Ufikapo, hufunga mizigo yao wakaenda kwenye maziwa makubwa ya Uswisi, ya Italia au ya Marekani, wakapanda meli ndogo ziwazungushe siku moja au mbili, kisha wakarudi makwao wakiwa na nguvu mpya. Sisi wa Kenya hatuna majira ya namna hiyo, kwa kuwa jua letu halituachi mwaka mzima. Hata hivyo twazo likizo zetu. Shule zifungwapo mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba, mabasi na magari ya jamaa huteremka kutoka Nairobi, na mengine huja kutoka Nakuru, yote yakielekea Naivasha. Hapo watu hupanda mashua kwa saa moja au mbili, wakatazama viboko na ndege, wakala samaki, wakarudi.

Yamkini wewe msomaji umepata kufanya safari hiyo, au unatumaini kuifanya. Safari ni fupi lakini historia yake ni ndefu, nayo haikuandikwa kwenye tikiti. Katika insha hii nataka tuitazame pamoja historia hiyo, tujiulize jambo moja: ni nani aliyeruhusiwa kustarehe juu ya maji haya, na ni nani aliyeachwa nje ya ua? Maana ziwa halina mwenyewe, lakini ukingo wake, tangu zamani za ukoloni, umekuwa na wenyewe.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, katika Kaunti ya Nakuru, kwenye kimo cha karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Mto Malewa na mto Gilgil huliletea maji kutoka milimani. Ajabu yake ni kwamba hakuna mto hata mmoja unaotoka ziwani, na hata hivyo maji yake ni baridi, ya kunyweka, si ya magadi. Sababu ni kwamba maji hupenya chini ya ardhi, yakachukua chumvi pamoja nayo. Jirani zake, Ziwa Elmenteita na Ziwa Nakuru, ni maziwa ya magadi yenye kina kifupi. Watu huenda Nakuru kuwatazama ndege heroe, ambao wengi huwaita flamingo, nao huwatazama kutoka nchi kavu. Basi katika sehemu hii ya bonde, mwenye kutamani kupanda mashua huenda Naivasha. Upande wa mashariki wa ziwa kipo kisiwa kiitwacho Crescent Island, kwa kuwa umbo lake ni kama mwezi mwandamo. Kisiwa hicho ni mdomo wa volkano ya kale iliyozama, na maji yaliyokumbatiwa nacho ndiyo yenye kina kirefu kuliko pengine pote ziwani. Maji yapunguapo sana, kisiwa huungana na nchi kavu, na mtu hukifikia kwa miguu.

Jina la Naivasha latokana na lugha ya Kimaasai, nalo lasimulia juu ya maji yenye mawimbi, yendayo mbele na kurudi nyuma. Walioliita hivyo walilichungulia vizuri. Asubuhi ziwa hulala kama kioo, lakini baada ya adhuhuri upepo huteremka, mawimbi yakainuka, na mashua ndogo ikarushwa huku na huku. Wamaasai hawakuwa na mashua wala hawakula samaki. Ziwa kwao lilikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe, na ukingo wake ulikuwa malisho ya wakati wa ukame, nchi ya nje ilipokauka. Tusiseme kwa hiyo kwamba hawakujua faida ya ziwa. Walijua kwamba majani yaliyo karibu na maji ni akiba ya siku mbaya.

Wala tusidhani kwamba watu wa bonde hawakujua chombo cha majini kabla ya wageni kufika. Kaskazini ya Nakuru, katika Ziwa Baringo, Wailchamus, ambao ni ndugu za Wamaasai kwa lugha, wamekuwa wakivua samaki kwa vyombo vidogo vilivyofungwa kwa miti myepesi iotayo majini. Mtu mmoja huketi ndani yake, nusu mwilini mwake akiwa amelowa, akapiga kasia kwa mikono. Hakuna aliyekiita chombo hicho cha starehe. Kilikuwa cha kutafutia riziki, na riziki ndiyo iliyotangulia starehe juu ya maziwa yetu yote.

Wageni wa kwanza walioleta habari za Naivasha pwani walikuwa watu wa misafara, Waswahili na Waarabu waliotafuta pembe za ndovu. Mmoja wao aliyejulikana sana ni Jumbe Kimameta wa Pangani. Mwaka 1883 alifika Mjerumani, daktari Gustav Fischer, akazuiwa na Wamaasai asiendelee mbele, akarudi. Jiwe kubwa lililosimama pale Hell's Gate laitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka huo huo akaja Mskoti, Joseph Thomson, akisafiri pamoja na msafara wa Kimameta, akapita Naivasha, akafika mpaka Baringo. Katika vitabu jina la Thomson limeandikwa kwa herufi kubwa, na la Kimameta kwa herufi ndogo. Lakini bila mtu aliyezijua njia, visima na desturi za wenyeji, sijui Thomson angefika wapi.

Baada ya misafara ikaja reli. Ilipita Naivasha na Nakuru, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali tupaitapo Kisumu. Huko serikali ikaweka meli za moshi. Ile iliyoitwa William Mackinnon, iliyoingizwa majini mwaka 1900, ilikuwa imeletwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaundwa upya ziwani. Meli hizi zilichukua pamba, ngozi na barua, lakini zilichukua pia abiria waliotaka tu kuzunguka ziwa na kutazama nchi. Ndivyo ilivyoanza katika nchi zetu desturi ya kusafiri majini kwa ajili ya kutazama.

Kwa Wamaasai wa Naivasha, reli ilileta jambo jingine. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya nao mapatano, na kwa mapatano hayo wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa: wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba nchi waliyopewa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Haikupita miaka 7, na mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine, wale wa Laikipia nao wakaondolewa. Wamaasai wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Basi ukingo wa Ziwa Naivasha, uliokuwa akiba ya siku mbaya, ukagawanywa kuwa mashamba ya walowezi.

Katika miaka hiyo hiyo Reli ya Uganda ilitangaza Uingereza kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki zafaa kuwa makao ya mabwana wakubwa wakati wa baridi kali ya kwao. Nchi ambayo watu wake walikuwa wakihamishwa ilitangazwa kuwa mahali pa kupumzikia. Wageni walikuja kweli. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Naivasha na kuwinda viboko akiwa ndani ya mashua, akikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Leo mgeni huingia katika mashua apige picha ya kiboko. Wakati ule aliingia akiwa na bunduki. Lakini jambo moja halijabadilika: yuko mtu wa kuiongoza mashua, ambaye jina lake kwa kawaida halikumbukwi.

Walowezi nao wakaanza kulitengeneza ziwa kwa kipimo cha starehe zao. Naivasha haikuwa na samaki wa kuvulia kwa mchezo. Samaki wake wa asili alikuwa mdogo sana, naye hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Mwaka 1925 wakaletwa perege, na mwaka 1929 akaletwa kutoka Marekani samaki aitwaye bass, apendwaye na wavuvi wa ndoana kwa sababu hupigana sana akinaswa. Majumba makubwa yakajengwa ufukweni. Mashua za matanga zikashindana siku za Jumapili. Na katika miaka ya 1930 wenye mashamba ya ukingoni, kupitia chama chao, wakapatana na serikali kwamba maji yarudipo nyuma, ardhi inayoachwa wazi wataitumia wao kwa kilimo na malisho, ila wasijenge juu yake jengo la kudumu. Itazame sana habari hii, msomaji. Ziwa lilipopungua, kilichoongezeka kilikuwa shamba la jirani yake. Mtu wa kawaida hakuongezewa njia ya kuyafikia maji.

Na mtu huyo wa kawaida alikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo, akifanya kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aishiye na jamaa yake katika shamba la mlowezi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba. Kisha kikaja kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Aliyepiga makasia, aliyefunga chambo, aliyepika chai ya jioni na kukung'uta mchanga katika viatu vya wageni, alilijua ziwa kuliko wale waliostarehe juu yake. Lakini kulijua ziwa na kuwa na siku ya kupumzika juu yake yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Kumbe basi starehe ya mtu mmoja aghalabu husimama juu ya jasho la mwingine, na historia isiyotaja jasho hilo ni nusu ya historia.

Kati ya mwaka 1937 na mwaka 1950 Naivasha iliona vyombo vya ajabu: ndege kubwa zilizotua juu ya maji. Shirika la Imperial Airways lilikuwa limefungua njia ya ndege za namna hiyo kutoka Southampton, Uingereza, mpaka Durban, Afrika Kusini. Kulikuwa hakuna viwanja vya kutosha, kwa hiyo mito, maziwa na bahari ndiyo iliyokuwa viwanja. Ndege iliruka kwa siku kadhaa, ikitua Misri, Sudan, Uganda na Kisumu, na abiria wakilala nchi kavu kila usiku. Naivasha ikatumika kuwa kituo cha watu wa Nairobi. Ndege ilikata maji kwa tumbo lake, ikaacha mkuja mrefu mweupe, viboko wakazama, ndege wa porini wakaruka kwa maelfu. Mashua zikatoka kwenda kuwapokea abiria na mifuko ya barua, na hoteli ya ufukweni ikawakaribisha kwa chai, kisha wakapanda gari kwenda Nairobi. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, viwanja vya nchi kavu vikawa vingi na ndege za magurudumu zikawa bora zaidi. Mwaka 1950 safari za ndege za majini zikakoma, na ziwa likarudi katika utulivu wake.

Utulivu huo haukudumu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walikishambulia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungua wafungwa. Mji uliojulikana kwa mashua na ndoana ukajulikana ghafla kwa jambo jingine: kwamba watu waliokuwa wakihudumia starehe za wengine walikuwa wakidai ardhi yao. Mwaka 1959, hali ya hatari ikielekea kuisha, uvuvi wa biashara ukaanzishwa ziwani, na kwa mara ya kwanza samaki waliopandwa kwa mchezo wakawa riziki ya wavuvi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, lango likaanza kufunguka. Sheria za rangi ziliondoka, na mwenye nauli aliweza kupanda mashua bila kuulizwa yeye ni nani. Mahali pa kutembelea pakaongezeka. Nyumba ya Elsamere, aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa habari za simba Elsa, ikawa mahali pa wageni na wanafunzi. Hifadhi ya Hell's Gate ikatangazwa mwaka 1984. Mwaka 1995 ziwa likaandikwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani kubwa, kwa mujibu wa mkataba wa Ramsar. Wakenya wa kila namna, walimu, mafundi, makarani na wanafunzi, sasa huonekana ndani ya mashua wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea maisha, wakimnyoshea kidole furukombe aketiye juu ya mti mkavu.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ua wote umebomoka. Ua wa rangi umeondoka, ua wa mali umebaki. Zunguka ziwa kwa barabara utaona hoteli, mashamba makubwa na nyumba za maua zilizofunikwa kwa karatasi za nailoni, ambazo zilianza kuenea tangu miaka ya 1970 na 1980, na sasa hupeleka mawaridi hata Ulaya. Mashamba hayo yamewapa kazi watu wengi sana, nao wamejenga mitaa minene kama Karagita na Kamere. Lakini mahali ambapo mwananchi asiye na chumba hotelini aweza kuyafikia maji bure ni pachache mno. Hapo pachache ndipo wavuvi hutua samaki, wachuuzi huchota maji, ng'ombe hunyweshwa, na mashua za matembezi hungojea abiria; wote katika kipande kimoja cha ufuko. Yule anayefanya kazi juma zima katika nyumba za maua, umbali wa hatua chache kutoka ziwani, huenda akamaliza mwaka bila kuliona kwa raha.

Ziwa lenyewe halijali mipaka ya wanadamu. Mwishoni mwa karne ya 19 maji yalikuwa juu sana. Katikati ya miaka ya 1940 yakashuka mno. Mvua za miaka ya mwanzo ya 1960 zikayapandisha tena. Mwaka 2009 ukame na matumizi mengi vikayarudisha nyuma, hata watu wakahofia kwamba ziwa litakufa. Kisha, muda wa miaka 11 haukwisha, na mwaka 2020 maji yakafurika. Katika mtaa wa Kihoto, karibu na mji wa Naivasha, yakaingia majumbani. Wakazi wakahama, na barabara zilizokuwa zikipitwa kwa miguu zikahitaji mashua. Wala haikuwa Naivasha peke yake. Nakuru, Bogoria na Baringo nayo yalipanda, yakameza shule, mashamba na hoteli. Wataalamu wengi hutaja mvua kubwa kuliko desturi kuwa sababu ya kwanza, na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti kuwa sababu nyingine. Fikiri jambo hili: chombo kile kile ambacho mgeni hukikodi kwa furaha, jirani yake alikihitaji ili aokoe godoro na vitabu vya watoto wake.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokwenda Naivasha, nenda asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mtazame sana mtu aongozaye mashua. Utaona jinsi anavyopunguza mwendo karibu na mafunjo, kwa kuwa kiboko aliyezama hamwoni mtu mpaka amgonge. Jinsi anavyoyakwepa magugu maji yaliyoletwa na upepo usiku. Jinsi anavyotazama milima ya magharibi, akajua saa ya kurudi. Elimu hiyo haikutoka shuleni. Imerithiwa kutoka kwa wapiga makasia wa miaka 100 iliyopita, ambao hawakuandikwa kitabuni. Muulize habari zake, naye atakwambia mengi.

Wala usione haya kustarehe. Mwili uliofanya kazi wahitaji kupumzika, na nchi iwapayo watu wake nafasi ya kupumzika ni nchi njema. Lakini starehe ya mwenye elimu haifanani na ya asiye nayo. Mwenye elimu hutazama ndege, akakumbuka pia waliohamishwa ili ukingo uwe mtulivu. Hufurahia maji, akajua milima yanakotoka. Hutua ufukoni, akauliza kama mtoto wa mfanyakazi wa maua naye ana pa kutua. Nanyi mnaosoma shuleni leo ndio mtakaokuwa wapimaji wa ardhi, mahakimu, madiwani na wenye hoteli wa kesho. Maji hayana mwenyewe. Juu ya njia ya kuyafikia, neno la mwisho litakuwa lenu.